Karabai Saba Katika Konde la Mhogo

Mume wangu Makame, mwana wa mwanangu,

Marahaba. Nimetanguliza kuitikia kwa sababu nakujua, ukiiona tu barua hii utaniamkia hapo hapo ulipo, hata kama umesimama mbele ya wakubwa wako wa kazi. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika na mimi silisikilizi.

Barua hii haina bahasha. Itasomwa kwanza hapa Kiembe Samaki, ukumbini kwangu, Ijumaa baada ya sala, mbele ya wanawake wale wale waliokuwapo siku ya maziko ya dada yangu Zuwena. Nimewaita wote, na asiyekuja nitamfuata kwake nimsomee. Wakishasikia ndipo itakuja kwako huko bara. Nilikutukana mbele ya watu, basi na haya nitayasema mbele ya watu. Nimeiandika kwa mkono wangu, kwa herufi walizotufundisha kwenye kisomo cha watu wazima, na imenichukua siku tano. Ningempa mtu mwengine aniandikie angeyalainisha maneno, na mimi sitaki yalainishwe.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipokuja kwangu na shati lako jeupe la urubani? Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, umetoka masomoni, umekonda. Nilikwambia umevaa kama bwana harusi na mimi mkeo sikuarifiwa. Ukaniambia, "Nimekuja kukuposa upya, bibi, mahari yangu ndege." Nikakujibu nani anataka mahari inayokunywa mafuta. Tukala mhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Ulikula kama mtu aliyekuwa kifungoni.

Nikakuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu ulipoanza kazi hiyo. Masika mbingu ya hapa hufunga kama kifuniko cha chungu. Sasa wewe uliye juu ya kifuniko, chini unapaonaje?

Hukunicheka. Ulisogeza sahani na ukanieleza taratibu. Ulisema mbele yako pana saa nyingi, moja inakwambia uko juu kiasi gani, nyengine inakwambia umeelekea wapi, na ndani ya wingu unazitazama hizo tu. Lakini unashuka nazo mpaka urefu uliowekwa, si zaidi. Nikakuuliza urefu gani huo. Ukatazama nje dirishani, ukasema, "Chukua mnazi ule, uupandishe juu ya mwenzake, mpaka ifike minane." Ukifika hapo unainua macho. Ukiiona njia ya ndege, au taa zake, unashuka. Usipoiona, unapandisha ndege juu palepale, na hapana mazungumzo.

"Na ukiiona nusu?" nikakuuliza.

"Nusu si kuona, bibi."

"Na abiria wakilia?"

"Napanda nao huku wanalia."

Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Ulieleza mengine pia, nakumbuka mdomo wako ukienda, lakini mimi nilishika kipande kimoja tu: akiona taa, anashuka. Hicho nikakiweka. Nilijiona nimeijua kazi yako.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Zuwena alikufa alfajiri. Alikuwa dada yangu, tumbo moja, na mtoto wake ni mmoja tu, Mwanaidi, ambaye kwako ni mama mdogo na wakati ule alikuwa ameolewa Pemba. Wewe ulikuwa na safari ya Pemba asubuhi ile. Ulikuja kunipa mkono wa rambirambi umesimama, hukukaa, na mimi nikakushika kifuani kwa shati nikakwambia usirudi bila Mwanaidi. Ukasema, "Nitamleta, bibi." Nikakwambia maiti haondoki mpaka binti yake amwone uso. Wanawake hatwendi makaburini, hilo unalijua. Kwetu sisi kuagana ni pale ndani, kabla ya jeneza kunyanyuliwa. Likishatoka mlangoni, limetoka.

Tukamwosha, tukamvisha sanda, tukamwacha uso wazi. Tukangoja.

Saa nane mvua ikaanza, si mvua ya kawaida. Kiza kiliingia mchana kama mtu amefunga madirisha yote ya dunia. Ilipokaribia alasiri wanaume waliokuwa nje walianza kugonga mlango. Sheikh akatuma neno kwamba kaburi linaingia maji na haifai kuchelewesha. Nikamrudishia neno kwamba akitaka kumchukua dada yangu kabla ya Mwanaidi kufika, aje amchukue mwenyewe kutoka mikononi mwangu. Hakuja.

Ndipo tukasikia ndege.

Niliijua sauti yako. Usinicheke, niliijua. Ilipita juu ya mapaa, kama zipitavyo zote zikielekea kiwanjani hapa jirani, ikaenda upande wa bahari, ikarudi. Hatukuiona. Wanawake wote walinyanyua nyuso kutazama dari, kana kwamba dari lingefunguka. Nikasema moyoni, yuko kwenye minazi minane, anatafuta taa, na kiza hiki taa za kiwanjani hazioni.

Ukumbini palikuwa na karabai saba. Kila nyumba jirani ilikuwa imeleta yake kwa ajili ya kisomo cha usiku, kama ilivyo desturi ya msiba. Zimejaa mafuta, zimepigwa pampu, zimepangwa ukutani. Nikazitazama zile karabai, Makame, na nikaona Mungu amenipa njia.

Nikasema washeni. Bi Raya, jirani yangu, akauliza tunawasha za nini saa kumi ya mchana. Nikamwambia mjukuu wangu akiona taa anashuka, kaniambia mwenyewe. Hakuna aliyebisha, kwa sababu mimi nilisema kama mtu anayejua. Tukatoka na mvua ile, wanawake tisa, karabai saba na miamvuli ya kuzikinga, tukaenda kwenye konde langu la mhogo ambalo lilikuwa limeng'olewa karibuni, peupe, nyuma yake minazi. Nikawapanga safu mbili, zimenyooka kama safu za maulidi ya homu. Tatu huku, nne huku. Vioo viwili vilipasuka kwa matone. Mimi nilisimama mbele kabisa, karabai yangu nimeiinua juu, nakuita kwa jina lako kama uliyepotea njia ya kwenda dukani.

Ukaja. Nikasikia unashuka, sauti inakuwa nzito, inakuja upande wetu, chini, chini zaidi. Bi Raya akasema, "Katuona." Na hapo hapo injini zikanguruma, zikapanda, ukapita juu yetu ndani ya wingu, ukaenda zako. Tulisimama pale mpaka sauti ikaisha kabisa.

Tuliporudi ndani tumerowa mpaka mifupani, nikamfunika Zuwena uso mwenyewe. Wanaume wakamchukua.

Siku ya pili asubuhi ulimleta Mwanaidi kutoka Dar es Salaam, ambako ulikuwa umekwenda kutua. Aliingia ndani akakuta kitanda kitupu. Hakulia kwanza. Alisimama katikati ya mkeka, watu wote wanasikia, akasema aliziona taa. "Kwa macho yangu. Safu mbili. Na huyu hakutaka kushuka."

Wewe ulikuwa mlangoni, umevua viatu, umevishika mkononi. Na mimi, niliyekulea tangu mama yako alipofariki hujajua kufunga vifungo, nikakutazama nikasema kwa sauti ya watu wote kwamba mjukuu wangu hakuwa mwoga, kwa hiyo wewe sikujui.

Ulinijibu maneno mawili tu. "Nimekusikia, bibi." Ukavaa viatu.

Mtu mwengine asingerudi. Wewe ulirudi siku ya nne, baada ya hitima, umenikuta nachambua mchele peke yangu. Ulikaa chini kwenye mkeka. Hukuniambia chochote cha siku ile ila uliniuliza kwa upole kama najua taa zile zilikuwa za nani, kwa sababu umeuliza kiwanjani na hapana anayezijua. Nikainua kichwa juu. Nikakwambia zilikuwa zangu, kwa kujivuna, ili uone aibu. Nikakwambia nilikupa ulichokuwa unakitafuta na ukakikataa.

Nilikuwa nangoja uinamishe kichwa. Badala yake rangi ilikutoka usoni kama mtu aliyeambiwa ameng'atwa na nyoka jana. Ukaniomba nikuoneshe pahala penyewe.

Karabai zilikuwa bado hazijarudishwa kwa wenyewe. Kabla ya kutoka ulichukua mbili, yangu na ya Bi Raya, ukazipeleka chumba cha ndani, ukafunga dirisha, ukaziwasha. Ukachukua kanga yangu ukaichovya maji, ukanifunika usoni nikabaki kuona mianga tu, ukanigeuza geuza mabega kama tunavyowachezesha watoto. Ukaniuliza taa yangu ipi. Karabai ile niliinunua na babu yako, nimeisugua miaka ishirini, naijua kwa kila bonyeo. Nikanyoosha kidole bila wasiwasi. Ukaniondoa kanga. Nilikuwa nimeonesha ya Bi Raya.

Ukasema, "Hukuwa na mashaka hata kidogo, bibi. Hilo ndilo linalotisha."

Hapo ndipo uliponifundisha kile kipande nilichokiachia mwanzo. Kwamba sharti si kuona taa. Sharti ni kuona taa za njia yenyewe, na uzitambue, kila moja pahala pake. Pale njia inapoanzia pana taa za kijani zilizokatiza njia, halafu za pembeni zinakwenda sambamba mpaka mwisho, na chini yake ile michoro myeupe ya njia. Hivyo vyote vikuelekee wewe, vikubaliane na zile saa zako. Kitu kimoja kikikataa, unapanda. Na unapewa muda kama wa kuvuta pumzi mbili kuamua. Siku ile ulipoinua macho uliona taa nyeupe, zinachezacheza, safu mbili nzuri zilizonyooka, na njia yenyewe huioni, kwa sababu mvua ilikuwa imesimama katikati kama ukuta. Ukasema mikono yako ilianza kugeuza ndege kuzifuata kabla akili haijasema kitu. Ukairudisha.

Tukaenda kondeni. Ukapiga hatua, ukatazama minazi, ukatazama upande wa kiwanja, ukaniuliza mlisimama wapi. Nikakuonesha. Bi Raya hapa, fulani pale, mimi huku mbele. Ulinishika mkono. Hukunieleza kingetokea nini. Hukuwa na haja. Naijua minazi ile, na najua ndege ina ukubwa gani. Tulikuwa wanawake tisa, na ndani ya ndege mlikuwa na Mwanaidi na wenzake, na wewe.

Kwa hiyo sikiliza, na nyinyi mlionizunguka hapa ukumbini sikilizeni vizuri. Makame hakuogopa taa zetu. Makame alituacha hai.

Nilikwambia pale pale nitakwenda kwa Mwanaidi nimwambie. Ukakataa. Ulisema, "Mama yake keshamkosa, asije akakukosa na wewe. Mimi nipo safarini kila siku, akininunia mimi hanioni." Ukaniomba libaki baina yetu wawili. Na mimi nikakubali. Nilikubali haraka, Makame. Mtu anayekubali haraka namna ile ni mtu aliyekuwa anangoja aambiwe hivyo. Nilisema ni wewe uliyetaka. Nimelala na maneno hayo miaka yote hii, na godoro lake ni gumu.

Unayajua yaliyofuata, ila sidhani kama unajua kuwa nayajua. Walikupa jina, Makame Geuza. Walikuwa wakilisema mferejini nikifika wananyamaza. Ile posa ya Mwembetanga ilivunjika kwa neno la mama wa msichana, kwamba hampi mwanawe mtu anayekimbia mbele ya njia. Ulipopata kazi ya ndege kubwa bara watu walisema umejificha. Idi tatu zimepita hukuja. Unaniletea sabuni, sukari na vitambaa, kwa mikono ya watu, na kila kifurushi nilikifungua nikakaa nacho mapajani bila kukitumia, mpaka sukari moja ikaingia sisimizi.

Masika haya ndiyo yaliyonimaliza. Nilikuwa nimekaa barazani na Bi Raya, mvua inanyesha, ikaja ndege chini chini, tukaisikia, halafu ikanguruma ikapanda ikaenda zake. Rubani mwengine kabisa, simjui. Bi Raya akacheka akasema, "Huyo naye Makame Geuza." Hakuwa na ubaya, ni mazoea tu ya ulimi. Nilisimama nikamwambia angalia chungu changu motoni, nakwenda mjini. Akasema mvua hii? Nilikuwa nshatoka.

Mwanaidi siku hizi anakaa Michenzani, amehamia na mumewe kwenye yale majumba marefu mapya, juu kabisa. Ngazi zile si za binadamu mwenye goti kama langu. Nilipumzika kila ghorofa, na watoto wananipita mbio wananiamkia huku wanakimbia. Alinifungulia mlango, akaniuliza kwa nini nimerowa hivyo, akataka kunipa nguo kavu. Nikamwambia sikai wala sibadilishi mpaka niseme. Nikasema yote nikiwa nimesimama, maji yananidondoka kwenye sakafu yake ya saruji. Karabai, safu, kanga ya maji, na kwamba wewe ulinyamaza kwa ajili yangu na mimi nikakuacha.

Alikuwa ameshika birika. Alilitua.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Nikamwambia ni mimi.

Alikaa kitako kwenye kiti, akageuzia uso dirishani. Nilidhani atanifukuza, na alikuwa na haki. Alisema maneno makali, sitayaandika kwa sababu ni yangu, nimeyapokea na nimeyaweka. Ndipo akaniambia jambo ambalo hajapata kumwambia mtu, na wewe hukuniambia.

Alisema alikuwa amekaa nyuma yako. Alipoziona taa alifungua mkanda, akakushika bega akakuvuta kwa nguvu zake zote, akakupigia kelele kwamba zile pale, shuka, mama yangu ananingoja. Na wewe hukugeuka. Ulisema, "Sizijui zile, mama mdogo."

Miaka yote hii alidhani ulimdhihaki. Mtu anaziona taa mbele yake halafu anasema hazijui, alidhani umemfanya mjinga katika siku mbaya kuliko zote za maisha yake. Hilo ndilo lililomchoma kuliko hata kukosa uso wa mama yake. Sasa alikuwa akilirudia mwenyewe, taratibu, kama anayelionja. Sizijui zile. Sizijui zile. Akaanza kulia, na mimi nikaketi, kwa sababu nilikuwa nshasema na goti nalo lilikuwa limechoka na mimi.

Hatukuagana vizuri siku ile, sitaki kukudanganya. Alinipa nguo kavu na chai, hakunipa mkono. Zikapita siku tisa. Siku ya kumi alikuja hapa Kiembe Samaki mwenyewe, akaniuliza nitakuandikia lini. Nikamwambia nimeshaanza. Akasema niongeze maneno yake, na haya hapa kama alivyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza: "Mwambie mkono uliomvuta bega ndio utakaompikia siku akija. Na akirudi Pemba kwa safari, mimi nitapanda ndege yake, nikae pale pale nyuma, na nitafunga mkanda."

Tangu siku ile ya maziko Mwanaidi huenda Pemba kwa meli tu, na anatapika tangu bandarini mpaka Mkoani. Kwa hiyo jua kwamba si neno dogo hilo.

Basi njoo. Nakuamrisha kama bibi na nakuomba kama mke. Mama wa msichana wa Mwembetanga nimemwita vilevile, atakuwapo Ijumaa anasikiliza, na uso wake nitautazama mimi mwenyewe. Msichana keshaolewa, lakini jina lako bado linadai kusafishwa.

Nimekusikiliza vibaya mara moja tu, na ilitosha kuua watu. Sasa nimekuelewa. Siku utakayokuja, mimi na Mwanaidi tutakuwa kiwanjani, nyuma ya uzio, tumevaa kanga za sare. Ikiwa mbingu safi, shuka. Ikiwa imefunga, fika kwenye minazi minane yako, inua macho, na kama njia huioni, usitufikirie sisi hata kidogo. Panda. Sisi tutasikia injini inakwenda zake, tutakunja miamvuli turudi nyumbani, tukupikie tena kesho.

Ni mimi mkeo wa kwanza, bibi yako mzaa mama.